UZI: Kabla ya Brexit kulikuwa na COMESA yetu. Tuliopo Tunduma na Kasumulu tuzungumze

Binti Usangu (mleta uzi)

Wakuu, habari za asubuhi. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni akitulia.

Kwa wasionijua, mimi ni mama wa mchele. Nanunua mpunga Mbarali, nakoboa Igurusi, navuka Tunduma kupeleka Nakonde, Zambia, na mara mojamoja navuka Kasumulu kupeleka Karonga, Malawi. Mwaka wa kumi na tano huu. Juzi nilikuwa Mwanjelwa kwa mdogo wangu, kijana mmoja wa chuo akawa anatusimulia habari za Uingereza ilivyojitoa Umoja wa Ulaya, yaani Brexit: malori yalivyokwama Dover, ugomvi wa mpaka wa Ireland, samaki waliooza wakisubiri karatasi. Akamaliza kwa kusema, "Sisi haya hayajatukuta, Tanzania haijawahi kujitoa popote." Nikamwuliza, na COMESA, lile soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika? Akashangaa. Hakujua kama tuliwahi kuwamo.

Simlaumu, alikuwa hajazaliwa. Lakini lilinikaa moyoni, kwa sababu kila nikivuka Tunduma nalipia uamuzi ule, na wenzangu wengi wanalipia bila kujua wanalipia nini.

COMESA ilizaliwa Desemba 1994 kutoka kwenye PTA, ule mpango wa biashara uliotiwa saini Lusaka mwaka 1981. Tulikuwamo tangu zama za PTA. Wakati wa Mzee Mkapa serikali ikatoa notisi ya kujitoa, na mkataba unataka notisi ya mwaka mzima. Septemba 2000 tukawa nje. Sasa angalieni tarehe. Tarehe 31 Oktoba 2000, wiki chache tu baada ya sisi kutoka, nchi tisa za COMESA zikaanzisha eneo huru la biashara, bidhaa zao zikawa zinapita bila ushuru. Zambia ilikuwamo. Malawi ilikuwamo. Jirani zetu wote wawili wa huku Nyanda za Juu Kusini walifungua milango wakati sisi ndiyo kwanza tumekomea wetu.

Sababu za kutoka zilikuwapo na sizibezi. Serikali iliogopa kupoteza mapato ya forodha, na wakati ule hazina iliyategemea sana. Viwanda vilikuwa vichanga. Tulikuwa tunalipa michango ya uanachama huku na huku: SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tumo, na mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulikuwa umeshatiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Ukikaa na mahesabu ya hazina unaweza kuelewa. Mimi nakaa na mahesabu ya viroba.

Simameni Tunduma pale, mgeuke kushoto na kulia. Uliposimama ni Afrika Mashariki, umoja wa forodha ulioanza Januari 2005. Hatua mia moja mbele ni Zambia, ambayo ni COMESA na SADC. Kati ya jumuiya hizi tatu, inayotuunganisha na yule wa ng'ambo ni SADC peke yake, ambayo eneo lake huru la biashara lilizinduliwa Agosti 2008. Kati ya 2000 na 2008 ni miaka minane. Wazee wa Tunduma waulizwe jinsi njia za panya zilivyonenepa miaka ile.

Nije kwenye langu. Nilipoanza biashara hii nilikutana Nakonde na mama mmoja wa Chipata, naye muuza nafaka. Akaniambia kwao, mpaka wa Mwami na Mchinji, anavuka Malawi na magunia yake bila wakala: anajaza fomu moja fupi pale pale, afisa anatazama orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, anagonga muhuri, anapita. Huo ni mfumo rahisi wa COMESA wa wafanyabiashara wadogo, ambao Zambia, Malawi na Zimbabwe waliuanza mwaka 2010. Nikaenda mbio dirishani kuulizia fomu hiyo. Afisa alikuwa muungwana, akanieleza taratibu kabisa: "Mama, fomu hii ni ya nchi za COMESA. Wewe umetoka Tanzania." Hakuwa na kosa. Sheria ndiyo ilivyokuwa.

Kwa hiyo mimi mwenye viroba ishirini nikatakiwa kufanya kama mwenye semi: cheti cha uasili cha SADC kinachoonyesha mzigo umezalishwa nchi gani, cheti cha afya ya mimea, wakala wa forodha, tamko la forodha kamili. Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Karatasi haina uzito. Wakala wa viroba ishirini na wakala wa magunia mia tatu wanakutoza karibu sawa, kwa sababu kazi yao ni ileile, fomu ni ileile. Mwenye magunia mia tatu anaigawa gharama hiyo mpaka haionekani. Mwenye ishirini anaikuta imekula faida yote, na nauli ya kurudi Mbeya hana.

Nilipomsikia yule kijana akisimulia Waskoti na samaki wao nilielewa mara moja. Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, lakini kipindi cha mpito kiliisha 31 Desemba 2020, na maumivu yalianza Januari 2021. Wavuvi wadogo wa Scotland walikuwa na desturi ya kuchanga lori moja, kila mmoja na maboksi yake, linaondoka usiku, asubuhi liko Ufaransa. Baada ya kutoka, kila mzigo ndani ya lori lile ukatakiwa uwe na cheti chake cha afya kilichosainiwa na mtaalamu. Mmoja akikosea namba, wote wamelala njiani. Si ndiyo Fuso zetu za kuchangia hizo? Nimeshalala pale Mpemba, karibu na Tunduma, siku mbili kwa kosa la karatasi ya vitunguu vya mtu nisiyemjua.

Wenye uzoefu karibuni. Naomba tusigeuze kuwa uzi wa vyama.

---

Dereva wa Mpemba

Dada, heshima yako. Napiga Dar hadi Lubumbashi, naomba unieleweshe kitu. Kama tulitoka COMESA, mbona kadi ya njano bado tunakata? Imeandikwa COMESA mbele kabisa. Bila hiyo Zambia hupiti, labda ununue bima yao pale pale.

---

Binti Usangu

Swali zuri kaka. Kadi ya njano ni bima ya kumlipa mtu utakayemgonga ukiwa nchi ya watu. Mpango ule una mlango wake, na nchi isiyo mwanachama wa COMESA inaruhusiwa kujiunga nao peke yake. Tanzania iko ndani ya kadi ya njano hadi leo. Tulitoka kwenye nyumba tukabaki na ufunguo wa banda la nje, kwa sababu malori yanayotoka bandari ya Dar kwenda Zambia na Kongo hayawezi kuishi bila huo ufunguo.

Waingereza nao wamefanya hivyo hivyo. Walitoka, halafu Januari 2024 wakarudi kwenye mpango wa utafiti wa Ulaya unaoitwa Horizon. Mei 2025 wakakaa London na viongozi wa Ulaya wakakubaliana kuanza kutafuta makubaliano ya ukaguzi wa vyakula na mimea, ili karatasi zile za samaki na nyama zipungue. Miaka zaidi ya minne ya kusumbuka ndipo wanaanza kuutafuta ufunguo wa banda.

---

Mzee wa Loleza

Mwanangu Binti Usangu, umeandika vema. Niongeze la zamani, maana nyinyi mnaanzia 2000.

Mimi niliajiriwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile ya 1967. Reli moja, posta moja, bandari moja, ndege moja. Ilipovunjika 1977 hapakuwa na notisi ya mwaka wala kipindi cha mpito. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa Februari 1977, haukufunguliwa mpaka mwishoni mwa 1983. Ndege zilikuwa Nairobi, zikabaki huko. Mabehewa, meli za ziwani, mashine, majengo, kila nchi ilishika kilichokuwa kwake siku ile.

Kugawana mali kulichukua miaka. Benki ya Dunia ilimteua mpatanishi, Mswisi Victor Umbricht, akazunguka na daftari lake miji yote hii mpaka makubaliano yakasainiwa Arusha Mei 1984. Hao ni wakubwa. Sisi tuliofanya kazi, madai ya mafao yetu yaliendelea kuzunguka mahakamani miaka na miaka baada ya hapo. Nina wenzangu niliowazika wakiwa bado na bahasha za barua za madai chini ya godoro.

Kwa hiyo vijana mkisikia Uingereza ilikubali kuilipa Ulaya pauni bilioni nyingi za majukumu iliyoyaacha, makadirio ya mwanzo yalikuwa kati ya bilioni 35 na 39, msione ajabu. Wao angalau walikaa mezani kabla ya kuondoka. Sisi tulisaini miaka saba baadaye.

---

Binti Usangu

Shikamoo mzee wangu. Pole kwa wenzako. Hilo la bahasha chini ya godoro nimelisoma mara mbili.

Siku hizi mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umeweka utaratibu wa kutoka: Bunge la nchi lipitishe kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha notisi ya miezi kumi na miwili. Nadhani waliouandika waliikumbuka 1977.

---

Mkulima Isimani

Mleta uzi, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Kutoka COMESA kulikuwa sahihi na ushahidi umeuleta mwenyewe. Unasema tukiwa ndani ya jumuiya moja mambo yanakuwa mepesi. Haya, sisi na Malawi tuko SADC moja. Machi 2025 Malawi ilipiga marufuku mazao yetu: mahindi, unga, mchele, tangawizi, ndizi. Afrika Kusini nayo iko SADC hiyohiyo, ndizi zetu ilikuwa haizitaki miaka kadhaa. Jumuiya ilisaidia nini? Kilichosaidia ni Bashe, Waziri wa Kilimo wa wakati ule, kutoa siku saba halafu kufunga mpaka kwa mazao yao usiku wa tarehe 23 Aprili. Siku chache tu wakaja kuzungumza, zuio likaondolewa. Nguvu ndiyo iliyofungua mpaka, karatasi za jumuiya zilikuwa kabatini.

Na mwaka 2021 Kenya, ambao tuko nao kwenye umoja wa forodha kabisa, walizuia mahindi yetu Machi 5 kwa sababu ya sumukuvu. Mahindi ya Iringa yalirudi kutoka Namanga. Ndani ya jumuiya!

---

Binti Usangu

Kaka wa Isimani, hoja yako ni nzito na sitaikwepa.

Aprili ile nilikuwa na mchele njiani. Wakala mmoja alinihakikishia zuio la Malawi haliwahusu waliolipia kabla, nikapakia. Nilifika Kasumulu nikakuta hakuna kitu kama hicho. Nikauza kwa hasara Kyela, mchele wa Usangu kuuza Kyela ambako wana mchele wao mzuri kuliko wote, mnaweza kupata picha. Kwa hiyo jeraha la kuwa SADC moja na bado ukafungiwa nalijua.

Wakati Waziri alipofunga nilifurahi, sitaficha. Siku ya tatu nikaanza kufikiri. Mdogo wangu anauza matufaha ya Afrika Kusini Mwanjelwa. Meza yake ilianza kupungua. Mbolea ya Wamalawi inayopita kwetu kutoka bandarini nayo ikatajwa kwenye maneno yale. Mkulima wa Karonga aliyekuwa anasubiri mbolea hakuzuia mchele wangu, na mdogo wangu hakuzuia ndizi za mtu. Ugomvi wa wakubwa ulimalizika haraka safari hii kwa sababu pande zote ziliumia haraka. Sijui kama unaweza kuendesha biashara ya mpakani kwa kutegemea kwamba kila mara wataumia sawasawa.

Swali langu kwako: zuio linapotokea, mimi nigonge wapi? Simaanishi Waziri. Mimi, mwenye Fuso moja. Hapo ndipo naona hasara kubwa ya kutoka COMESA, kuliko hata ile fomu fupi.

---

Wakili Gangilonga

Dada amegusa jambo ambalo hata sisi wanasheria huwa tunalipita. Naomba nilieleze polepole kidogo.

COMESA ina mahakama. Mtu binafsi au kampuni iliyoko nchi mwanachama inaweza kuishitaki serikali yake, baada ya kupita kwanza kwenye mahakama za nyumbani. Si maneno matupu. Kampuni moja ya rangi ya Mauritius, Polytol, ilikuwa inaagiza bidhaa kutoka Misri bila ushuru. Serikali ya Mauritius ikarudisha ushuru. Kampuni ikaenda Mahakama ya COMESA, na tarehe 31 Agosti 2013 ikashinda: mahakama ilisema kurudisha ushuru ule ni kuvunja mkataba, na fedha zilizotozwa zirudishwe. Kampuni ya rangi dhidi ya nchi yake.

SADC nayo ilikuwa na mahakama yake, Windhoek. Mwaka 2008 ikatoa hukumu dhidi ya Zimbabwe katika kesi ya wakulima walionyang'anywa mashamba. Wakuu wa nchi badala ya kuisimamia hukumu wakaisimamisha mahakama, mwaka 2010, na 2012 wakaamua kwamba ikirudi isikilize ugomvi kati ya nchi na nchi tu. Mwananchi akatolewa mlangoni. Mahakama za Afrika Kusini na Mahakama Kuu yetu hapa Tanzania, kila moja kwa wakati wake, zilisema jambo lile halikuwa sawa. Lakini mahakama yenyewe haikurudi.

Afrika Mashariki tunayo mahakama nzuri, iko Arusha, na mtu binafsi anaruhusiwa. Inatusaidia dhidi ya Kenya, Uganda, Rwanda. Zambia na Malawi hazimo.

Sasa unganisheni. Mfanyabiashara wa Tunduma au Kasumulu, mpaka wake ni na nchi za COMESA, ambako sisi tulitoka. Za SADC, ambako mlango wa mwananchi ulizibwa. Na si za Afrika Mashariki, ambako mlango uko wazi. Mwenzake wa Namanga ana mahakama. Yeye hana. Mipaka miwili ya nchi moja, haki mbili tofauti.

Mkulima wa Isimani anasema kweli kwamba jumuiya haizuii mazuio. Tofauti ni kwamba ile yenye mahakama inampa mtu mdogo mahali pa kupeleka risiti zake.

---

Mkulima Isimani

Wakili, hilo la mipaka miwili haki mbili sikuwahi kulitazama hivyo. Nabaki na langu kwamba mwaka 2000 viwanda vyetu vingepigwa. Lakini hili nalichukua.

---

Binti Usangu

Kwenye viwanda nikupe haki yako. Kuna watu wa viwanda waliokuwa wanafurahia kutoka na kuna waliolia kwa sababu masoko yao yalikuwa Zambia na Malawi. Na kanuni za uasili nazo zinahusika. COMESA kanuni yake ni nyepesi: ukiongeza thamani ya angalau asilimia 35 kwa gharama za kiwandani, au malighafi ya nje isizidi asilimia 60, bidhaa inahesabika ni yako. SADC wana kanuni ya kila bidhaa peke yake, na kwa nguo wanataka hatua mbili, kitambaa kifumwe kwenu na nguo ishonwe kwenu. Fundi wa Mbeya anayeshona sare kwa kitambaa cha China, kwa COMESA angeweza kuhesabiwa, kwa SADC hahesabiwi. Mchele wangu hauna shida hiyo, umeota Mbarali, umekobolewa Igurusi. Shida ni kuithibitisha hiyo kweli kwa karatasi.

---

Mwana wa Ipinda

Ndaga fijo dada. Mimi niko Kyela, nimezaliwa karibu na mto Songwe. Wengi wenu mnaongelea boda kama geti. Kwetu boda ni mto, na mto wenyewe unahama. Mvua ikiwa kubwa unachimba njia mpya, mtu analala Tanzania anaamka shamba lake liko Malawi. Bibi yangu ana ndugu ng'ambo, msiba ukitokea tunavuka kwa mtumbwi na ndizi za msibani kichwani. Zuio lile la Aprili lilipotangazwa, bibi aliuliza ndizi za msiba nazo zimo?

Hakuna aliyeweza kumjibu.

---

Binti Usangu

Mwana wa Ipinda, umenirudisha kwa yule kijana na mpaka wa Ireland, maana ni habari hiyohiyo ya bibi.

Mpaka ule una kama kilomita 500, unapita katikati ya mashamba, kuna watu nyumba iko huku, zizi liko kule. Watu waliuana pale miaka thelathini. Makubaliano ya Belfast ya 1998 yaliwapa amani, na baada yake vizuizi vya barabarani vikaondoka kabisa, unavuka hata hujui. Uingereza ilipotoka Ulaya, swali likawa: ukaguzi ukae wapi? Ukiuweka kwenye mpaka wa nchi kavu unarudisha mageti, na mageti yale yana kumbukumbu ya damu. Ukiuacha wazi, bidhaa yoyote inaingia soko la Ulaya kupitia mlango wa nyuma.

Wakauweka baharini. Yaani Ireland Kaskazini ikabaki kwenye kanuni za bidhaa za Ulaya, na mzigo unaotoka Uingereza yenyewe kwenda Belfast, nchi moja, unakaguliwa bandarini. Fikirieni mchele kutoka Mbeya kwenda Kyela ukaguliwe Tukuyu. Waliojiona ni Waingereza kamili waliumia sana, serikali ya Belfast ikasimama kwa takriban miaka miwili, ikarudi Februari 2024. Soseji zikawa habari ya magazeti kwa sababu Ulaya hairuhusu nyama ya kusaga isiyogandishwa kutoka nje ya soko lake. Tarehe 27 Februari 2023 wakatangaza mpango wa Windsor: njia ya kijani kwa bidhaa zinazoishia Ireland Kaskazini, karatasi chache, njia nyekundu kwa zinazoendelea Ireland Kusini, karatasi zote. Vyakula vya njia ya kijani vikaanza kubandikwa lebo kwamba havitakiwi kwenda Ulaya.

Mimi naiona njia ya kijani ile kama kitu ambacho mtu wa Tunduma angekielewa haraka kuliko waziri yeyote. Kiroba kinachoishia sokoni Nakonde na kontena linalokwenda Lubumbashi ni mizigo miwili tofauti. Kwa nini vipange foleni moja ya karatasi? Kituo cha pamoja cha mpaka wa Tunduma na Nakonde tunacho, Marais Magufuli na Lungu walikizindua Oktoba 2019, na kimepunguza kusimama mara mbili. Jengo limekuwa moja. Fomu bado zilibaki za mwenye semi.

Kuhusu ndizi za msiba za bibi, angekuwapo mtu wa kuandika sheria aliyewahi kuvuka Songwe na mkungu kichwani, zingetajwa.

---

Nyasa Yetu

Tatizo lote la Malawi chanzo ni ziwa. Tumalize mpaka wa ziwa kwanza, mengine yatafuata.

---

Binti Usangu

Ndugu yangu, hilo ni la uzi wake. Tukiliingiza hapa hatutoki.

---

Parachichi Rungwe

Niulize kama mkulima mdogo. Parachichi zetu za hapa Rungwe zinanunuliwa, tunaambiwa zinakwenda Ulaya. Uingereza kutoka kumetugusa vipi? Na wale wa Sahel, Mali na wenzake?

---

Binti Usangu

Parachichi: zamani sanduku likifika Rotterdam lilikuwa limeshafika na London, soko moja. Sasa likishushwa Uholanzi halafu likapelekwa Uingereza linaingia nchi nyingine ya forodha, tamko jingine, kanuni nyingine. Ushuru si tatizo kubwa kwetu, nchi zetu maskini zimeruhusiwa kuingiza bila ushuru kote kuwili, Uingereza ina mpango wake tangu Juni 2023. Ni karatasi tena. Ndiyo maana mnunuzi wako anakuuliza mapema soko la mwisho ni lipi, na anataka kumbukumbu za dawa ulizopiga shambani. Ziandike. Daftari la kawaida linatosha kuanzia.

Sahel: Mali, Burkina Faso na Niger walitoka ECOWAS, jumuiya ya Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, mwaka mmoja baada ya kutangaza. Pande zote zilisema watu waendelee kupita bila viza. Machi yake hao watatu wakaweka tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazotoka nje ya umoja wao, zikiwamo za ECOWAS. Nchi zote tatu hazina bahari, bidhaa zao zinapita bandari za majirani waliowaacha. Ninawaombea kina mama wa vitunguu wa Niger, maana soko lao liko ng'ambo ya huo mpaka.

---

Wakili Gangilonga

Tusisahau upande wenye nuru. Eneo huru la utatu, linalounganisha COMESA, SADC na Afrika Mashariki, lilisainiwa Sharm el-Sheikh Juni 2015 na likaanza kuwa sheria Julai 2024 baada ya kuridhiwa na nchi kumi na nne. Na soko huru la Afrika nzima Tanzania tumeshajiunga, tulikuwa kati ya nchi nane za majaribio mwaka 2022. Kwa hiyo kilichofungwa 2000 kinaweza kufunguliwa kwa njia nyingine bila kurudi COMESA yenyewe.

---

Binti Usangu

Nakubali wakili, na naomba Mungu. Ila utatu ule ulisainiwa 2015, ukaanza 2024. Miaka tisa. Binti yangu wa kwanza alikuwa darasa la pili, sasa anasaidia kushona viroba. Ninachotaka kusikia kutoka kwenye mikataba hii ni kitu kimoja tu: fomu fupi ya mtu mwenye viroba ishirini iko ukurasa wa ngapi?

---

Neema wa Uyole

Shikamoo dada. Nimesoma uzi wote tangu asubuhi. Mimi ndiyo nataka kuanza, nina gunia kumi na tano za maharage ya Mbozi na mnunuzi yupo Nakonde. Kuna kaka ameniambia nipitishe usiku tu, hazifiki hata tani mbili. Nifanyeje?

---

Binti Usangu

Marahaba mdogo wangu. Usiku usipite. Si kwa sababu nakuhubiria, ni kwa sababu mwenye gunia kumi na tano akikamatwa mara moja mtaji umekwisha, hana gunia la kumi na sita.

Anza na mnunuzi. Yeye ndiye aombe kibali cha kuingiza kwao, kwa sababu masharti ya afya ya mimea yanaandikwa kwenye kibali kile, kama wanataka maharage yafukizwe au cheti kiseme nini. Akikutumia nakala, nenda nayo kwa watu wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, wakague maharage wakupe cheti kinachojibu masharti yaleyale, neno kwa neno. Kibali cha kutoa chakula nje omba kwa Wizara ya Kilimo. Cheti cha uasili cha SADC pitia TCCIA, chemba ya wafanyabiashara. Angalia jina la mnunuzi liwe limeandikwa sawa kwenye karatasi zote. Nimeona lori likilala kwa herufi moja. Wakala, msake mwenye leseni na akuandikie bei kabla hujapakia.

Na usikodi gari peke yako. Jumatano alfajiri tuko kina mama wanne tunapakia Fuso moja pale Uyole, nafasi ya gunia kumi na tano ipo. Karatasi zako tutazisoma wote wanne kabla ya kufika Mpemba. Ila kibali cha mnunuzi nikione mapema, kwa macho yangu. Nisipokiona Jumanne jioni, maharage yako yatasubiri safari ya wiki ijayo.